Mshono Juu, Maji Hayapandi

Kuku wa kwanza tulimla.

Alifika Machakos akiwa hai, lakini shingo imelegea na macho yamefumba nusu, na mama akasema tumchinje upesi kabla hajafa mwenyewe tukakosa hata mchuzi. Nikamchinja nyuma ya nyumba. Nyama yake ilikuwa nyekundu kuliko kawaida, nyekundu ya kupendeza, nami nikasema huyu alilishwa akashiba. Tulimla kwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ambayo mama hawezi kuja kwangu bila kuyabeba. Yeye mwenyewe alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Alisema kichwa kinamgonga.

Nikiukumbuka mlo ule sasa, naona jibu lilikuwa mezani mbele yetu, limepikwa kwa nyanya na kitunguu, na mimi nikajiongezea mchuzi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana kosa nililolifanya halingeweza kufanywa na mtu yeyote tu. Lilitaka mtu aliyefundishwa kazi vizuri.

Mimi ni mtoto wa fundi wa bati. Baba alikuwa na kibanda chake sokoni Katangi, akitengeneza madebe, faneli na masanduku ya wanafunzi wa bweni, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa gata, ile mifereji ya bati inayovuna maji ya mvua kutoka paani. Kwetu Yatta, kote kuzunguka Katangi, mvua ni mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, na miaka mingine hupita tu barabarani bila kuingia. Ikija, kila tone lina mwenyewe. Fundi wa gata akiacha maji yadondoke nje ya tangi, watu humkumbuka mpaka kiangazi kinachofuata, na si kwa wema.

Nilishinda kibandani kwake tangu nikiwa mdogo kwa sababu sikuogopa kukatwa na bati. Alinifundisha kukata, kukunja na kutia lehemu. Sheria yake kubwa ilihusu bomba la kulala, lile linalotoka kwenye gata na kupeleka maji kwenye tangi. Unakunja bati liwe mviringo, unakutanisha kingo mbili, na pale zinapokutana ndipo penye udhaifu. "Mshono ukae juu," alikuwa akisema. "Maji hayapandi." Maji yanapita chini ya bomba, kwa hiyo hata mshono ukiwa na ufa wa kupitisha ukucha, halitoki tone. Nadhani niliisikia sentensi hiyo kuliko nilivyosikia jina langu. Baba alipofariki nilirithi mkasi wake wa bati, nyundo yake ya mti, na maneno hayo.

Siku hizi mimi ni mtu wa kiwanda. Niko EPZ ya Athi River, nasimamia laini ya washona suruali, na zamu ikiisha narudi Machakos ninakoishi. Nina gari dogo la zamani ambalo nalipenda kuliko linavyostahili. Mume sina. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Mwaka jana, baada ya mvua kuitafuna barabara ya kwenda kwetu, nilipitisha gari juu ya jiwe nikasikia kitu kimekatika chini. Ilikuwa ekzosi, bomba linaloutoa moshi wa injini mbele na kuupeleka nyuma. Lilikuwa limegawanyika vipande viwili, katikati kabisa, chini ya kiti cha nyuma. Gari likaanza kunguruma kama trekta. Nikalipeleka kwa fundi wa magari mwenye uwanja karibu na kwangu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye mafuta hadi masikioni, ambaye kila asubuhi tunasalimiana nikipita.

Akaingia chini ya gari, akatoka.

"Madam, ekzosi imekatika. Kuja na mzee nimuelezee vile tutafanya."

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumba."

"Nielezee mimi. Gari ni yangu."

Akacheka, wala si kwa ubaya, akipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Hii ni mambo ya ufundi. Utachanganyikiwa bure."

Hasira zangu ziko karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa nakata bati kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Nilipanda gari langu nikaondoka na ngurumo zake zote, watu wa sokoni wakageuka kutazama, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

Jumamosi iliyofuata nilienda nalo Katangi likipiga kelele njia nzima. Mashamba ya kwetu yamekatwa matuta, na kando ya kila tuta kuna mtaro wa kuzuia udongo usiende na maji. Nikaliendesha gari hadi likasimama juu ya mtaro, magurudumu ya kushoto upande huu na ya kulia upande ule, nikaingia mtaroni nikalala chali. Hakuna gereji Machakos yenye shimo zuri kuliko lile.

Mama alinifungulia stoo ya baba. Nikachukua kipande cha bati kilichobaki kwenye gata ya mwisho aliyoitengeneza, nikakisugua kwa msasa, nikakikata na kukikunja juu ya gogo lake hadi kikawa bomba fupi la kuvika ncha zote mbili za lile lililokatika. Nilikuwa nimenunua klampu mbili na kopo la dawa ya kuziba ekzosi, ile inayopakwa kama udongo na kukauka kwa moto wa injini. Nikalivika bati, nikageuza mshono ukae juu, nikakaza klampu huku na huku. Sikufikiri kuhusu mshono. Mkono wangu haukujua kuuweka kwingine. Dawa niliipaka chini na pembeni, nikailainisha kwa kidole. Juu, kati ya bomba na sakafu ya gari, mkono haukupita, nami sikujisumbua, kwa sababu juu hakuvuji.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, amenyoosha lile goti lake bovu, akinipokeza vifaa.

"Unashika mkasi kama baba yako," alisema.

Nikawasha injini. Sauti ilikuwa imetulia kabisa. Nikarudi mtaroni, nikalowesha kiganja kwa maji ya kikombe na kukipitisha chini ya bomba polepole, kisha kushoto, kisha kulia, kama baba alivyokuwa akipapasa gata mpya. Hapakuwa na moshi hata wa kunukia puani. Nikatoka nikiwa na udongo hadi kwenye nywele, nikasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mama akacheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Sidhani nilikuwa nimefurahi vile tangu baba atuache.

Jumatatu nilipita polepole mbele ya uwanja wa yule fundi, gari kimya, nikamnyooshea mkono dirishani. Akainua wake. "Injinia!" akaniita, nami nikalipokea jina kama haki yangu.

Mama ana presha, na kliniki yake iko Machakos. Kila mwezi nilimfuata Jumapili, Jumatatu nikamwacha kliniki kabla ya zamu, na Jumanne akarudi kwake kwa matatu. Ndani ya gari mahali pake ni nyuma, kwa ajili ya goti, apate kulinyoosha juu ya kiti. Na kwa kuwa hawezi kwenda kwa mtoto wake mikono mitupu, kila safari alikuja na kuku. Kuku alifungwa miguu, akatiwa kwenye kiondo, na kiondo kikawekwa sakafuni nyuma ya kiti changu.

Safari ya kwanza baada ya ufundi wangu ilikuwa Jumapili ile ile, siku moja baada ya mtaro. Hatukuwa tumefika mbali mama alipofungua dirisha lake. Barabara ile ni ya vumbi hadi ufike lami, na kifua chake hakipatani na vumbi.

"Funga, mama, vumbi litakukohoza," nikamwambia.

Akafunga. Langu mimi niliacha wazi upana wa kidole, ili usingizi usinishike.

Huyo ndiye kuku wa kwanza, tuliyemla. Kesho yake kliniki walisema presha imepanda kidogo, apumzike. Jumanne akarudi kwake, na jioni akanipigia simu akasema kichwa kiliisha alipoiona nyumba yake. Alisema kwa utani. Mimi sikuupenda utani huo.

Mwezi wa pili kuku alifika amekufa. Mama alishuka akishikilia mlango wa gari, akatapika kwenye lango langu. Jirani yangu aliyekuwa akianika nguo alimtazama kuku, akamtazama mama, akasema kuna mtu amewaangalia vibaya. Nikamwambia sisi Wakamba tumesingiziwa uchawi na Kenya nzima, hatuna haja ya kusaidia. Kuku nikamzika, nikisema ni ule ugonjwa wa kuku wa kila kiangazi.

"Kuku yangu haikuwa mgonjwa," mama alisema.

Na hapo ndipo nilipomkosea kwa mdomo, kabla sijajua kwamba nilishamkosea kwa mkono. Nilikuwa nimechoka, na kichwa changu pia kilikuwa kinauma, kama kilivyouma kila Jumapili. Nilisema ni hasira za barabarani. Nikamwambia mama, "Kila nikikuleta kwangu unaugua, ukirudi kwako unapona. Kama hupendi kwangu, sema."

"Napenda kwako," alisema.

"Basi ni nini?"

Alikaa kitandani akifungua leso yake kichwani taratibu, na nikamwacha hapo. Nimewahi kusema maneno mabaya zaidi ya hayo kwa watu wengi. Hakuna yanayoniuma kama hayo.

Mwezi wa tatu nilimkuta amesimama njiani ananingoja, amevaa gauni lake la kanisani, kiondo mkononi. Kuku alikuwa jogoo mchanga, mkali, alinidonoa kidole nikimpakia. Mama akapanda nyuma, tukaanza safari, dirisha lake limefungwa bila mimi kumwambia. Alikuwa akinisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye kunde zake. Mbuzi aliingia, akafukuzwa, akarudi. Kisha maneno yakaanza kuja kwa nafasi, na mbuzi hakutoka tena kundeni. Nikamtazama kwenye kioo nikaona amelaza kichwa. Nilishukuru. Nilikuwa nimechoka na mbuzi. Nikapunguza redio ili nisimwamshe, na kwa karibu saa nzima nikaendesha gari kwa uangalifu mkubwa, nikikwepa mashimo, ili mama yangu apate usingizi mzuri.

Nilipofika nyumbani nikafungua mlango wa nyuma. Kitu cha kwanza nilichoona ni shingo ya jogoo imening'inia nje ya kiondo. Na nitasema ukweli, maana nisipousema hapa sijui nitausemea wapi: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa kero. Tena? Nilisema tena, kwa sauti, kama mtu aliyemwagiwa chai.

Kisha nikamwita mama. Nikamshika bega, na bega likaja lote kwangu, zito, na kichwa kikafuata. Mate yalikuwa yamemtoka upande mmoja wa mdomo. Nilimwita kwa Kikamba, mwaitu, mwaitu, kama nilivyomwita nikiwa mtoto nimeamka gizani. Alikuwa anapumua, pumzi fupi za mbali. Nilisimama pale sijui kwa muda gani, mkono mmoja kwenye bega lake, namtazama jogoo, namtazama mama, na bado sikuunganisha.

Kisha nikafunga mlango, nikaingia mbele, nikampeleka hospitali. Ni dakika kumi. Madirisha yote niliyafungua, kwa kuwa nilidhani ni moyo na anahitaji upepo. Lakini nilimrudisha ndani ya kitu kile kile, nikawasha injini ile ile, nikakanyaga mafuta. Mpaka leo nikifika kwenye ile kona ya kuingia hospitali, nafungua madirisha yote.

Walimpokea na kitanda cha magurudumu, wakamvisha oksijeni. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko washonaji wangu wengi. Alikuja nilipokuwa nimesimama ukutani.

"Huyu mama alilala na jiko ya makaa kwa nyumba?"

"Hapana. Tumetoka Katangi sasa hivi. Amepanda gari akiongea."

"Na wewe unaskia aje?"

"Kichwa tu. Ni uchovu."

"Kulikuwa na mtu mwingine kwa gari?"

"Hakuna. Ni kuku tu, na imekufa."

Aliacha kuandika. "Kuku gani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwa kuku wa pili nilianza kujisikia nikisema. Wa kwanza alilegea, nyama yake ikawa nyekundu kupita kawaida. Wa pili alikufa. Wa tatu yuko garini, hata hajapoa.

"Madam, hiyo gari usiendeshe tena," alisema. "Usiingie hata kidogo. Moshi ya injini inaingia ndani. Ndiyo inafanya nyama ikuwe nyekundu hivyo."

"Haiwezi. Niliiziba mimi mwenyewe."

Alinitazama kwa upole. Nadhani ule upole ndio uliovunja kitu ndani yangu. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, na mhudumu aliyekuwa akipiga deki akanizunguka bila kuniuliza.

Asubuhi yake mama alikuwa bado hajasema neno la maana. Alifungua macho, akayafunga. Nikaenda kwa miguu hadi kwenye uwanja wa yule fundi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilipomwona nilisema tu, "Mama yangu yuko hospitali. Kuja uangalie gari." Hakuuliza mzee yuko wapi. Tulienda pamoja hadi hospitali, akalirudisha gari yeye peke yake, milango ya nyuma ameifunga kwa kamba ikiwa nusu wazi, kichwa chake nje ya dirisha. Mimi nilirudi kwa miguu.

Nilimkuta yuko chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu.

"Ni nani alifunga hii?"

"Mimi."

Nilingoja acheke. Nilitaka acheke, ingekuwa nafuu.

"Ni kazi safi," alisema kutoka chini. "Sijaona bati imekunjwa hivi. Lakini mbona mshono iko juu?"

"Maji hayapandi," nikasema.

Akajivuta akatoa kichwa nje, akanitazama kutoka pale chini.

"Madam," alisema, "hapa hakuna maji."

Akalitoa lile bati na kunikabidhi. Upande wa chini, nilikopaka dawa na kulainisha kwa kidole, lilikuwa jeupe na safi kama siku ya mtaroni. Juu, mshono wote ulikuwa mstari mweusi wa masizi, mzito wa kukwangua kwa kisu. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akainua kapeti mahali kiondo kilipokuwa kikiwekwa. Sakafuni palikuwa na tundu la kupitisha yai. Zamani lilizibwa na kifuniko cha mpira, nacho kilishadondoka siku ambayo hakuna aliyeijua. Kingo zake zote zilikuwa nyeusi. Mshono wangu ulikuwa moja kwa moja chini ya tundu lile. Hata mtu angeniagiza nilenge, nisingelenga vile.

"Moshi inapanda," fundi alisema, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza.

Nilikaa juu ya gurudumu kuukuu. Tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikalishika miaka arobaini, nikalibeba hadi chini ya gari, na nusura limuue mjane wake. Baba hakunidanganya. Aliniambia habari za maji, kwa sababu sisi maisha yetu yote adui ni tone linalotoroka, na tone hutoroka kwa chini. Hata nilipoutafuta moshi kwa kiganja nilikuwa nautafuta pale ambapo maji yangekuwa. Nililala chali, macho yakitazama juu, na juu ndiko ambako sikutazama.

Siku ya tatu mama aliketi akaomba uji. Nilingoja amalize. Tuliongea Kikamba, ninaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Nilimwambia kila kitu: bati, mshono, tundu, kuku watatu. Nilimwambia si presha wala si uzee. Ni mimi.

Alikuwa anapangusa kikombe kwa ncha ya shuka.

"Moshi niliusikia," alisema.

"Uliusikia lini?"

"Tangu ile Jumapili ya kwanza. Nimepika kwenye mafiga miaka hamsini, mwiitu wakwa, binti yangu. Nitakosaje kujua moshi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifungua dirisha ukaniambia nifunge."

Akaweka kikombe chini.

"Na ulikuwa umefurahi," alisema. "Tangu baba yako afe sijakuona umefurahi vile. Nitakwambiaje kazi ya mkono wako inanuka? Nikasema moshi haujawahi kuniua, nitauvumilia mpaka Machakos."

Nililia mbele ya wodi nzima, mtu mzima, msimamizi wa watu, nikiwa nimeweka uso kwenye blanketi la hospitali juu ya lile goti lake. Akaniacha nilie. Baadaye akaniuliza kama yule jogoo nilimtupa au nilimzika, kwa sababu alikuwa jogoo wa mbegu nzuri.

Fundi aliweka bomba jipya la chuma, akalichomelea kuzunguka pande zote. Tundu la sakafu akaliziba kwa bati na kulichomelea pia. Alipomaliza aliniita. Aliniwekea gunia chini, akanipa tochi, akanieleza kila kitu hatua kwa hatua, bomba lipi linaingia ndani ya lipi na kwa nini, na alinifanya nipitishe kiganja changu juu ya kila kiungo injini ikiwaka. Nilikipitisha mara tatu. Akaniacha.

Mwezi uliofuata nilimfuata mama Katangi. Nilikuwa nimemwambia kwa simu akae mbele. Alifika akafungua mlango wa nyuma kama kawaida, akanyoosha goti, kisha akakiinua kiondo alichokuwa amekiacha chini. Ndani alikuwa mtetea wa kahawia.

"Mama, huyo nipe nimweke mbele."

"Wacha ikae hapo hapo," alisema, akakiweka kiondo sakafuni nyuma ya kiti changu, pale pale. "Ikifika, nitakuamini."

Hakuwa anatania sana. Tukaondoka. Sijawahi kumsikiliza kuku namna ile. Alilalamika mashimoni, alilalamika kwenye kona, na kila akilalamika bega langu lilishuka kidogo. Mama alikuwa amemaliza habari za mbuzi, ambaye kumbe alishauzwa, na sasa alikuwa kimya akitazama nje. Kisha, kabla hatujafika lami, kuku akanyamaza.

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikamwita mama, na upepo ukala sauti yangu, au hakusikia. Nikakanyaga breki katikati ya barabara, nikashuka nikauacha mlango wangu wazi, nikazunguka nikavuta mlango wa nyuma kwa mikono miwili.

Kuku alinitazama kwa jicho moja. Mama alinitazama kwa yote mawili. Alikuwa na mkono ndani ya kiondo, anamkuna kuku shingoni.

"Tuko wote, mwiitu wakwa," alisema. "Funga mlango twende."

Nilifunga mlango. Dirisha lake lilikuwa limeteremshwa hadi mwisho, na nilipoondoa gari vumbi likaingia ndani lote, jekundu, likamshika kifuani. Alikohoa mpaka tukafika lami, na sikumwambia afunge.